Lori la Magunia 200: Wanafunzi wa Kilimo Mlangoni pa Ghala la Mahindi

Kisa hiki kinahusu kitivo cha kilimo cha chuo kikuu kimoja cha Uganda na kampuni inayonunua na kuhifadhi mahindi katika eneo la Bunyoro. Majina, wilaya na miaka ya matukio vimeondolewa, na hesabu za fedha zimezungushwa. Kimeandikwa kwa ajili ya wahadhiri wanaopanga mafunzo kazini na kwa kampuni zinazopokea wanafunzi kisha zikajiuliza wanafunzi hao wamekuja kufanya nini.

Usuli

Mahindi ya Bunyoro huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ya msimu wa kwanza hupandwa Machi na huanza kufika ghalani kuelekea mwisho wa Julai. Hayo ndiyo yenye taabu, maana mvua za msimu wa pili huanza Agosti wakati mengi bado yako kwenye maturubai. Ya msimu wa pili huvunwa kati ya Novemba na Januari, jua likiwa kali, na hukauka bila kumsumbua mtu sana. Mnunuzi wa nafaka hupata faida au hasara yake katika tofauti ya misimu hiyo miwili. Kalenda ya chuo haikuijua tofauti hiyo: wanafunzi wa mwaka wa tatu walikwenda mafunzoni Juni na Julai, wiki nane, ghala likiwa karibu tupu, wakarudi chuoni malori yalipoanza kupanga foleni.

Kampuni ni ya ukubwa wa kati. Ina ghala moja la tani 2,000, mizani ya magari, karani mmoja wa ubora, mita moja ya unyevu ya mkononi, wachukuzi kama thelathini na kina mama wapatao ishirini wanaopepeta na kuchambua. Wateja wake ni wasagishaji wa Kampala na wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka, kupitia Busia. Hawa wa Kenya ndio walioongeza ukali. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani aflatoksini, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kuwa sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kikomo chenyewe hakikuwa kipya. Kimo katika EAS 2, kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi makavu, pamoja na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Jipya lilikuwa kwamba sasa kuna mtu mpakani anayedai karatasi.

Kwa hiyo kampuni ilihitaji watu wa kukaa mlangoni na kuamua: gunia hili liingie, lile lianikwe, hili lirudi. Kitivo nacho kilikuwa na wanafunzi waliosoma fiziolojia ya mbegu, magonjwa ya mimea na uhifadhi wa nafaka, na ambao waajiri walikuwa wakiwakataa kwa neno moja, "hawana uzoefu". Kwenye karatasi, pande hizi mbili zilifaana kabisa.

Mwaka wa kwanza

Kampuni ilipokea wanafunzi kumi na wawili. Barua ya chuo iliomba "wapewe fursa ya kujifunza shughuli zote za taasisi", maneno ambayo msimamizi wa ghala hakuyapata pa kuyashika. Kwa kuwa hakukuwa na nafaka, walifagia, walishona magunia yaliyotoboka, walinakili daftari la mapokezi la mwaka uliopita kwenye kompyuta. Mhadhiri aliwatembelea mara moja, akatia saini madaftari yao, akaondoka kabla ya chakula cha mchana. Ripoti zao zilikuwa nadhifu: historia ya kampuni, muundo wa uongozi, changamoto, mapendekezo. Alama ziligawanywa hivi: ripoti 50, ziara ya mhadhiri 30, tathmini ya ghala 20. Mwanafunzi angeweza kufaulu vizuri bila kushika bambo, ile chuma yenye ncha ya kuchoma gunia na kutoa punje, hata siku moja.

Katika wiki ya saba liliingia lori la kwanza la mavuno mapya, magunia 200 ya kilo 100. Karani wa ubora alikuwa ameitwa ofisini, na mwanafunzi mmoja, hodari darasani, akaachiwa mita. Ilikuwa saa kumi alasiri. Mlango wa nyuma wa lori ulifunguliwa, naye akachoma magunia matano yaliyokuwa mbele yake, akatoa punje, akapima: 13.1, 12.9, 13.3. Mwenye mzigo, mzee mwenye kofia, alichukua punje moja akaivunja kwa meno.

"Ng'ata usikie, mwanangu. Hii ni mawe."

"Nimeona, mzee. Yamekauka."

Mzigo ukapokelewa, ukapangwa, ukalipwa.

Siku ya nane mchukuzi mmoja aliyeegemea mpangilio ule alisema magunia yana homa. Yakashushwa. Ya pembeni yalikuwa sawa, ila yale yaliyotoka katikati ya lori yalisoma kati ya 15.5 na zaidi ya 17, na ukungu ulikuwa umeanza kushika midomo ya baadhi. Yakaanikwa upya, mvua za Agosti zikiwa zimeshapiga hodi, kila jioni maturubai yakikunjwa mbiombio.

Hasara yake inahesabika kwa kanuni ambayo wanafunzi wote kumi na wawili waliwahi kuitumia kwenye mtihani: uzito wa mwisho ni uzito wa mwanzo mara (100 toa unyevu wa mwanzo), gawanya kwa (100 toa unyevu wa mwisho). Tuchukue kwamba mzigo wote ulikuwa na wastani wa asilimia 16. Tani 20 zikikaushwa hadi 13.5 hubaki kilo 19,422. Kilo 578 ni maji yaliyonunuliwa kwa bei ya mahindi, na kwa shilingi 1,000 kwa kilo ni shilingi 578,000, kabla ya kumlipa mtu yeyote wa kuanika. Sumukuvu hatujaigusa bado.

Msimamizi aliandikia kitivo kwamba hatapokea wanafunzi tena.

Kosa lilikuwa wapi hasa

Jibu la haraka lilikuwa kwamba mwanafunzi hakujua. Mratibu wa mafunzo wa kitivo hakuridhika nalo, akaomba ruhusa ya kukaa mlangoni siku mbili, ameketi tu kwenye gunia na daftari. Alichokiona ndicho kilichobadilisha mpango wote.

Mwanafunzi alijua nadharia ya sampuli. Alijua kwamba shehena ya magunia yasiyozidi 10 huchomwa yote, kati ya 10 na 100 huchomwa kumi yaliyochaguliwa bila mpango, na zaidi ya 100 idadi ni kipeuo cha pili cha jumla. Kwa 200 ni 14.1, basi 15. Asichokijua ni namna ya kuyafikia magunia kumi na tano yaliyotawanyika ndani ya lori lililojaa hadi juu huku dereva anapiga honi. Njia ya kazi ni kuchoma wakati wa kushusha: unasimama kwenye njia ya wachukuzi na kuchoma kila gunia la kumi na tatu linalopita begani. Hii inahitaji kwanza kukubaliana na mkuu wa wachukuzi, kwa sababu kila anayesimamishwa anapoteza nafasi, naye hulipwa kwa gunia. Hakuna mhadhara uliowahi kumtaja mkuu wa wachukuzi.

Hakujua pia kwamba baadhi ya wauzaji huweka magunia makavu mlangoni mwa lori. Ni mchezo wa kale, na makarani wote wanaujua.

La tatu lilikuwa mita yenyewe. Punje zilizoanikwa asubuhi ile ile huwa kavu juu na bado zina maji moyoni, na mita ya mkononi husoma chini ya ukweli. Punje zilizopigwa na mvua njiani hufanya kinyume, zinasoma juu kuliko zilivyo. Punje zenye joto la jua zinafaa ziachwe zipoe kwenye chombo kilichofungwa kabla ya kupimwa. Na mita ina orodha ya mazao: ukiacha imewekwa kwenye maharagwe aliyopima mtu wa jana, inakupa tarakimu nzuri tu, isiyo na maana. Siku ya lori hili iliwekwa kwenye mahindi, lakini mratibu alipoikuta ilikuwa kwenye mtama na hakuna aliyekuwa ameona.

La mwisho, na kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote: hakuna aliyewahi kumwachia mwanafunzi yule uamuzi wenye gharama. Miaka mitatu alijibu maswali ambayo jibu lake linajulikana na mwuulizaji. Mzee mwenye kofia alikuwa mtu wa kwanza kusimama mbele yake akitaka jibu ambalo mmoja wao angelilipia.

Maamuzi ya mwaka wa pili

Ghala lilikubali tena kwa shingo upande, nalo lilikuwa na sababu moja ya pekee. Chuo kina tanuri la maabara, ghala halina. Mratibu alichukua sampuli kumi za ghala kwenye chupa zilizofungwa kabisa, akazisaga na kuzikausha kwa nyuzi 130 kwa saa nne, akalinganisha na alichosoma kwenye mita. Mita ilikuwa inasoma chini kwa wastani wa pointi 0.7. Maana yake ni kwamba kila lori lililopokelewa kwa 13.4 lilikuwa la 14 na ushei, na ghala lilikuwa likijiibia lenyewe bila msaada wa muuzaji yeyote. Baada ya hapo msimamizi hakuuliza tena chuo kina faida gani.

Idadi ilishushwa kutoka kumi na wawili hadi sita, wawili kwa zamu. Sababu ni ya kawaida kabisa: mlango mmoja, mita moja. Kumi na wawili ni umati.

Muda ukagawanywa. Wiki nne kati ya Desemba na Januari, katika likizo ya kati ya mihula, mahindi ya msimu wa pili yakiingia. Kisha wiki sita Juni na Julai kwa kazi za ghala tupu: kuziba nyufa, kupanga vichaga vya mbao, kurekebisha mita, kuandaa daftari, kujifunza namna mpangilio unavyofunikwa kwa kufukizwa. Ufukizaji wenyewe, ule wa vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini, wanafunzi walikatazwa kuugusa. Walitazama wakiwa nje, wakasoma lebo, wakajifunza kuziba kingo za turubai kwa mifuko ya mchanga. Gesi ile inaua, na si chuo wala kampuni iliyokuwa na bima ya mwanafunzi.

Mlangoni kazi ilipangwa kwa ngazi. Wiki ya kwanza mwanafunzi alichukua sampuli yake, akaandika unyevu na daraja la ubora kwenye fomu yake, akaikunja bila kuona ya karani. Jioni fomu mbili ziliwekwa mezani na kulinganishwa. Alipopata shehena 20 mfululizo ambazo unyevu wake haukutofautiana na wa karani kwa zaidi ya pointi 0.5 na daraja lilikuwa moja, alipanda: sasa yeye anapima, karani anatia saini. Ngazi ya tatu aliamua mwenyewe shehena zisizozidi magunia 20, zile za wakulima wanaokuja na pikipiki na pikapu. Lori lilibaki la karani.

Daraja lilipimwa kwa mkono. Sampuli zote za shehena humwagwa kwenye turubai safi, zinachanganywa, zinarundikwa, rundo linasawazishwa na kukatwa robo nne kama mkate wa duara. Robo mbili zinazotazamana hubaki, nyingine zinaondolewa, na unarudia hadi ipatikane kiasi cha gramu 200. Hizo huchambuliwa: zilizovunjika, zilizoliwa na wadudu, zilizooza, takataka. Kila fungu hupimwa na kugawanywa kwa 200. Mwanafunzi wa kwanza alitumia dakika hamsini kwa shehena moja. Mama mmoja mchambuzi, ambaye hajawahi kuona mizani ya maabara, alikuwa akikadiria asilimia zile zile kwa macho na kukosea kidogo sana, na mratibu akamwomba akae na wanafunzi saa moja kila asubuhi, kwa malipo. Huo ulikuwa uamuzi bora kuliko mingi iliyopitishwa kwenye kikao.

Kuhusu sumukuvu walifundishwa jambo moja tu kwa ukali. Haikai sawasawa kwenye mzigo. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote. Kwa hiyo sampuli ya kupeleka maabara lazima iwe kubwa, itoke magunia mengi, na isagwe yote kabla ya kutoa kijiko cha kupima. Ukisaga kiganja kimoja, cheti unachopata ni cha kiganja hicho.

Halafu lugha. Masomo ni ya Kiingereza, lakini mlangoni wamo Wanyoro, Waalur, Waacholi, Walugbara, Wakongo na Wasudan Kusini, na wote hukutana kwenye Kiswahili. Wanafunzi watatu kati ya sita walikuwa wametoka Buganda na Kiswahili chao kilikuwa cha "jambo" na "asante". Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini hawa walikuwa wameshapita huko. Ghala likabandika ukutani maneno ya kazi: unyevu, bambo, kuchoma, takataka, zilizooza, anika, rudisha. Zaidi ya msamiati, walifundishwa namna ya kukataa. Karani hasemi kamwe "mahindi yako mabaya". Anasema, "Mzee, haya bado. Tuyaanike hapa kwa gharama yako, au utayarudisha nyumbani?" Aliyepewa njia mbili huwa anachagua moja, aliyeambiwa mali yake mbaya hugomba, na foleni inasimama.

Alama zikageuzwa: tathmini ya ghala 50, mtihani wa vitendo mlangoni 30, ripoti 20.

Matokeo

Mmoja aliondoka wiki ya pili kwa kukosa nauli na pango. Watano walimaliza. Wanne walifika ngazi ya tatu kabla ya katikati ya Januari. Wa tano alikuwa sahihi lakini mwepesi wa kushawishika, na fomu zake zilionyesha kwamba daraja lilipanda kila mwenye mzigo aliposimama karibu naye. Kitu hicho hakionekani kwenye ripoti ya kurasa arobaini. Kampuni iliajiri wawili kwa mkataba wa msimu walipohitimu.

Agosti ikafika, na hao wawili wakayumba. Siku moja malori tisa yalipanga foleni chini ya mvua. Mmoja wao alikataa lori lililosoma 17, kumbe turubai lake lilikuwa limevuja na punje zilikuwa zimelowa juu tu. Sampuli iliyobaki kwenye kopo lililofungwa ilisoma 13.9 asubuhi ya pili, mita ikiwa imesharekebishwa, mzigo wa kuanika siku moja na kuingia. Lakini lori lilikuwa limeshauza kwa mshindani wa ng'ambo ya barabara, na muuzaji yule hakurudi.

Uchambuzi

Fomu iliyokunjwa ndiyo iliyofanya kazi kuliko chochote, na gharama yake ni karatasi. Ilimpa mwanafunzi nafasi ya kukosea bila mtu kulipa, kila siku, mara nyingi, na ilimpa karani ushahidi wa kumwamini kwa kiwango. Vyuo vinavyotaka kuiga kisa hiki vianze hapo. Ikumbukwe tu kwamba kulingana na karani si sawa na kuwa sahihi: kabla ya tanuri, mwanafunzi aliyelingana na karani alikuwa akilingana na mita mbovu.

Tanuri lilifanya kazi kwa sababu nyingine. Mafunzo kazini mengi yamejengwa kama hisani, chuo kinaomba na kampuni inavumilia, na hisani huisha siku ya hasara ya kwanza. Hapa chuo kilileta kitu ambacho ghala lingelazimika kukilipia kwingine. Vyuo vya kilimo vina mizani nyeti, matanuri na hadubini ambazo hukaa bila kazi likizo nzima, kilomita chache kutoka kwa watu wanaozihitaji.

Kalenda ilishindwa, na ni vema kusema hivyo wazi ingawa mpango unasifiwa kitivoni. Kuhamishia mafunzo Desemba kuliwapa wanafunzi malori, lakini malori ya msimu mwepesi. Walipata alama nzuri kwa mahindi ambayo jua lilikuwa limeshawafanyia kazi. Kosa la mwaka wa kwanza na kosa la Agosti hii ni ndugu, maana yote mawili yalitokana na unyevu uliokaa mahali pasipotazamwa, moyoni mwa lori au juu ya ganda la punje, na hakuna hata mmoja kati ya wanafunzi hao aliyewahi kuuona kabla ya siku aliyoachiwa uamuzi.

Fedha nayo ilichuja watu kimya kimya. Kampuni ililipa chakula cha mchana tu. Waliobaki walikuwa wale wenye ndugu mjini au wazazi wa kuwalipia chumba, na kati ya sita walioanza wasichana walikuwa wawili, kwa sababu chumba salama karibu na ghala kilikuwa kimoja. Shilingi 10,000 kwa siku zingemweka yule aliyeondoka, na kwa wanafunzi sita, wiki nne, siku sita kwa wiki, jumla ni shilingi milioni 1.44. Hasara ya lori lile moja ingelipa zaidi ya theluthi yake.

Wahadhiri wawili walipinga kupunguzwa kwa alama za ripoti, wakisema ghala halina sifa ya kutahini. Hoja yao ina uzito: karani aliyechoka anaweza kumpa alama 45 kila mtu. Mtihani wa vitendo uliwekwa kwa sababu hiyo, mhadhiri akileta sampuli tano ambazo unyevu wake umeshapimwa kwenye tanuri na mwanafunzi akizipima mbele yake. Katika sampuli hizo moja ilikuwa imelowanishwa juu kwa makusudi, lakini hiyo iliongezwa baada ya Agosti, kwa kundi lililofuata.

Kitivo kimeomba wanafunzi wa mwaka wa nne wachelewe kuanza muhula kwa wiki tatu ili wawe ghalani mvua zinapoanza. Kamati ya ratiba haijajibu. Ghala limenunua mita ya pili.